Kaka Gervas, Seva Imekataa Kuongea

Kaka Gervas,

Namwonea wivu Espérance, na kwa kuwa huwezi tena kunikatiza, leo nitayasema yote.

Hatujamaliza hata kurudisha masufuria ya matanga yako, ile programu inayofungua na kufunga akaunti za wafanyakazi ikagoma kuongea na seva ya zamani, ile uliyokuwa ukiiamkia "shikamoo mzee" kabla ya kugusa kibodi. Watu wapya wa ghala hapa ughaibuni Ingleburn wakabaki wamesimama, hawawezi kuingia kwenye mfumo. Bosi akanitazama mimi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikasema, sasa wataona Gervas alimwachia nani kazi.

Nikakagua mtandao. Nikakagua firewall, ule ukuta wa kuzuia wavamizi, nikakagua vyeti vya usalama, nikaizima programu na kuiwasha mpaka tukachokana. Seva ikajibu lile lile: huruhusiwi. Ndipo Espérance, yule binti wa Bukavu uliyemtoa chuoni Campbelltown juzi tu, akasogeza kiti na kusema kwa upole, "Dada Wambui, ile connection inaingiaka na jina ya Kaka Gervas."

Jina lako! Wale wa HR, ofisi ya wafanyakazi, walipoandika kwamba umefariki, programu ikatii, ikafunga akaunti zako zote. Kumbe yenyewe ilikuwa ikiingia kwenye seva kwa akaunti yako. Ilikata tawi ililokuwa imelikalia.

Nikamuuliza amejuaje. "Nilimuulizaka tu, akaniambia."

Kaka, ulimwambia! Mimi niliyekaa kando yako miaka yote, ninayejua chai yako inataka tangawizi kiasi gani, ukaninyima? Najua ungesema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Sawa. Lakini mimi uliniita "we Mkenya," na yeye ukamwita "fundi wangu." Nilikuwa nasikia. Kanisani alilia kwa sauti kumshinda hata mkeo, nikatamani kumfinya.

Tumeshaipa programu akaunti yake yenyewe, isiyo na jina la mtu, ili asifariki mtu tena ghala likasimama. Aliitengeneza yeye. Bosi alimpongeza mbele yangu nami nikapiga makofi, mikono imekuwa mizito.

Sasa imebaki akaunti yako ya kwenye seva. Imefungwa, haijafutwa. Jana Espérance alitaka kuifuta, nikamwambia hiyo aniachie. Akanitazama kidogo, akanipisha kiti, wala hakuniuliza kwa nini. Hapo nilimpenda kidogo, usimwambie.

Kwaheri basi, Kaka yangu. Nakuahidi nitamfundisha yote ninayoyajua, hata yale asiyouliza. Ila kesho, wakati naandika jina lako kwenye seva kwa mara ya mwisho ili kuifuta akaunti yako, atanisubiri nje ya mlango.

Wambui