Jina la Mama kwenye Fomu ya Somoe

Dada yangu Zainabu,

Shikamoo. Marahaba sitaisikia, lakini nikianza bila shikamoo najua utaninunia huko huko uliko.

Nimempeleka mwanao kuomba shule. Ni ile uliyoitaka: ya dini, ya kutwa, Kurani na hesabu chini ya paa moja, na jioni mtoto anarudi kwa watu wake. Iko hapa hapa Nangurukuru, mwendo mfupi kutoka kwenye kibanda changu cha supu na chapati. Ulilisema mwenyewe Somoe akiwa bado tumboni: "Huyu hatahangaika kama sisi, asubuhi shule, mchana chuo, katikati njaa."

Unaikumbuka njaa ile? Nilipoanza chuo cha Kurani pale Miteja, mama alikuwa shambani anaokota korosho, ukanipeleka wewe, na wewe mwenyewe hujafika hata miaka kumi na mbili. Ulinifunga mtandio wako ukaubana kwa pini mpaka nikashindwa kugeuza shingo. Ukabeba sahani ya bisi za kugawia wenzangu, kama ilivyo kwa mtoto anayeanza, na njiani ukala nusu. Ukamwambia mwalimu mahindi ya nyumbani yalikuwa machache! Alhamisi, siku ya kumpelekea mwalimu kuni, ulibeba mzigo wako na wangu, ukinisonya njia nzima. "Hadija, kwa uvivu huu utaolewa na nani?" Herufi zote nilizijulia kwako, na kila nikikosea ulinifinya. Mpaka leo nikifungua juzuu kuna mahali nangoja kufinywa.

Nilikupenda kuliko mama, Mungu anisamehe.

Ndiyo maana ulipofariki, Somoe akiwa na miezi minane, sikungoja kuambiwa. Nilimbeba. Wazee walisema lile linalosemwa kwetu siku zote, kwamba mama mdogo ni mama, na kuanzia hapo nikawa Mama Somoe. Nilipohamia Nangurukuru nikaja na jina hilo. Makonda wa mabasi, wauza mihogo, wote: "Mama Somoe, supu mbili!" Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikusema. Miaka sita, dada. Kila mwaka nilijiambia mtoto bado mdogo. Ukweli ni kwamba niliogopa ataacha kuniita mama.

Basi siku ya fomu, kwenye mstari wa mama mzazi, nikaandika Hadija. Wala sikufikiri, mkono ulijiendea wenyewe. Karani akaiweka fomu kando ya cheti cha kuzaliwa, akatazama huku, akatazama kule.

"Mama Somoe, mbona cheti kinasema Zainabu?"

Somoe alikuwa ameegemea meza. Anajua kusoma silabi, kwa sababu namfundisha mwenyewe, tena bila kumfinya. Akaweka kidole kwenye cheti. "Za-i-na-bu. Ndiye nani?"

Karani, mtu mwenye utu, akajifanya anatafuta stepla. Kisha akanipa fomu nyingine nikajaze nyumbani.

Nilimwambia mchana ule ule, nyuma ya kibanda, tumekalia kreti za soda. Nikamwambia wewe ndiye uliyemzaa, ukaugua, ukafa, na mimi ni mdogo wako. Nilitegemea atalia. Akauliza, "Alikuwa mweusi kama mimi?" Nikasema zaidi. Akauliza kama ulikuwa mkali. Nikasema sana. Akamaliza chapati yake, akaomba nyingine. Niliyelia ni mimi, moshi wa kuni ukanisitiri. Usiku nikajaza fomu mpya, na kwenye mstari wa mama mzazi nikaandika Zainabu.

Usaili ulikuwa Jumamosi. Wazazi tulikaa kwenye benchi, nje ya dirisha. Nikamsikia akisoma Alhamdu bila kukwama, nikamsikia akihesabu mpaka hamsini na kuiruka thelathini na tisa. Kisha mwalimu akamuuliza, "Mama yako anaitwa nani?"

"Zainabu. Alikuwa mkali."

Walimu wakacheka. "Na aliyekuleta leo?"

"Mama mdogo."

Iliniuma, siwezi kukuficha. Nilikuonea wivu, wewe dada yangu, marehemu, na papo hapo nikaona haya. Halafu ikanijia furaha ambayo sikuitarajia, kwa sababu tangu tukuzike sijapata kumsikia mtu akilitaja jina lako kwa sauti kubwa namna ile, bila kuongeza "masikini". Mzazi mwenzangu pembeni akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, ni mtoto amefaulu.

Na kweli amefaulu. Anaanza Jumatatu. Sare nimeichukua kubwa kidogo ili imfae na mwakani, na wewe ungefanya hivyo hivyo, halafu ungesema ni wazo lako.

Tangu siku ile hajaniita mama tena. Mabasi yakisimama bado naitwa Mama Somoe, naye akisikia anatabasamu tu, hamsahihishi mtu. Lakini tukiwa wawili ni mama mdogo, mama mdogo, kutwa nzima, kama mtu aliyepewa neno jipya na hataki lipoe. Asubuhi hii ameita kutoka uani, "Mama mdogo, viatu vyangu viko wapi?" Nimeitika haraka, asije akadhani nimekasirika. Nimemvalisha, nikamfunga kamba, akaninyooshea mguu wa pili.

Nakuombea kila swala. Pumzika sasa, dada. Mwanao anakujua.

Mdogo wako Hadija,
mama mdogo wa Somoe