Kutoka Mboni Hadi Mboni

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba, salamu zako zimenifikia. Hapa Marereni babu yako hajambo, na mbuzi amezaa mapacha.

Umeuliza mbona miwani ya rafiki yako inakuumiza kichwa, ilhali nambari zenu za macho, yaani nguvu ya vioo, ni moja. Mimi nami, nilipokuwa kibarua wa chumvi, nilivaa ya shangazi yangu, nikaona ardhi kama inainama. Nikaenda Malindi kwa fundi wa miwani, mtu wa rika la babangu. Aliponiwekea rula usoni nikatazama chini, maana sikulelewa kumkazia mkubwa macho.

"Binti, adabu iweke kando kidogo," akasema. "Nitazame. Napima kutoka mboni hadi mboni, ili katikati ya kila kioo ielekee mboni yake. Kipimo hiki ni chako peke yako."

Nilirudi kazini na miwani yangu, nikachota chumvi kiganjani. Siku zote niliiona kama unga. Kumbe kila punje ina pembe zake, kama kijisanduku cha kioo. Msimamizi aliniita, nami nikazidi kuzigeuza punje.

Nenda ukapimwe, mboni ya jicho langu, na usitazame chini.

Bibi yako