Dabodeka ya Wanangu

Chamazi, Jumamosi usiku

Mpaka sasa moyo unanidunda, na wala hakuna aliyeumia.

Leo nimemaliza dabodeka ya watoto, kitanda cha kwanza kukitengeneza kwa mikono yangu. Mke wangu Salma alikizunguka, kisha akasema, "Baba Mariamu, hebu lala hapo chini. Mie napanda juu."

"Kwani huniamini?"

"Wewe lala tu."

Nikalala. Alipopanda, chaga zikalia juu ya uso wangu, nikashtukia nimeshatoka, nimesimama katikati ya chumba.

Salma hakucheka. Alishuka taratibu, akaniuliza, "Na Mariamu ungemlaza hapo?"

Nikachukua nyundo.

Nimeng'oa chaga zote. Ubao unaozibeba umepasuka, maana nilipiga misumari ukingoni kabisa bila kutoboa kwanza. Kesho nanunua mwingine, natoboa, natia skrubu. Haraka yangu hii ya kutaka sifa...

Watoto wamelala sakafuni kwenye godoro, wanaona raha tu.

Ufa wenyewe niliuona jana. Nikaupaka vanishi, nikajiambia ubao utahimili. Hilo Salma sijamwambia.