Kitovu cha Joel kimo kwenye friza la barafu za ubuyu

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nisaidie upesi, jogoo hana muda.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja mchanga, Joel, naishi Chamwino kwa wakwe zangu, mume wangu anaendesha bajaji Majengo na kuja nyumbani mwisho wa wiki, na baba mkwe wangu, mzee Bartolomayo, ni mtu mzuri sana ila ana ule ugonjwa wa kutetemeka, wa Pakinsoni, mkono ukianza chai yote inaishia kwenye shati, sasa tangu Joel azaliwe hajampakata hata mara moja, akiletewa anasema, "Mpeleke kwa bibi yake, mimi nitamwangusha," halafu anageukia ukutani, na mimi roho inaniuma jamani.

Basi siku moja nachambua karanga nikasikia redioni daktari anaeleza habari za seli shina, yaani chembechembe za mwili ambazo bado hazijaamua ziwe nini, kama mimi nilipomaliza darasa la saba, wataalamu wanazilea mpaka zinakuwa za ubongo, zilezile zinazokufa kwa wenye ugonjwa wa baba, akasema na kwenye kitovu cha mtoto seli shina zipo. Nikaacha karanga. Kitovu cha Joel kilikuwa kimedondoka asubuhi hiyohiyo! Nikasema huyu ni Mungu kabisa. Nikakifunga kwenye nailoni, nikakificha kwenye friza la jirani yangu Salwa, katikati ya barafu zake za ubuyu, kimsubiri daktari.

Kumbe nimesahau kwamba kwetu kitovu cha mjukuu anakifukia bibi yake kando ya zizi. Mama mkwe, Bibi Generosa, akanijia na jembe mkononi.

"Mama Joel, kiko wapi?"

Nikababaika, nikasema kimemezwa na kuku.

"Kuku yupi?"

Nikasema sikumwona vizuri.

Mshauri, yule mama anachinja! Anapasua firigisi, anachungulia, anasema, "Siyo huyu," tunakula. Matetea yameisha, amebaki jogoo. Na jana Salwa kanijia juu, mumewe Swedi nusura akimumunye akidhani ni ukwaju. Je, niseme ukweli nionekane mchawi, au nivumilie mpaka baba apone?

Mama Joel, Chamwino

*Shangazi Restuta anajibu:*

Marahaba, Mama Joel. Nimecheka mpaka miwani imedondoka, sasa tulia nikuseme.

Redio uliisikiliza nusu. Seli shina za kitovu huchukuliwa kwenye damu yake mbichi mtoto anapozaliwa, na kazi yao kubwa ni kutengeneza damu. Hicho ulichonacho ni kigozi kikavu, kikae kwenye friza mpaka Joel aoe, hakitaota ubongo. Kwa seli za ubongo, wataalamu wengi huanza na ngozi au damu ya mtu mzima, wanazirudisha seli zake utotoni, ndipo wanazilea upya maabara. Nyingi ni za kuutazama ugonjwa unavyofanya kazi na kuzijaribia dawa. Wagonjwa waliopandikizwa ni wachache, nchi za mbali, na bado wanachunguzwa. Akitokea mtu mjini akakuambia yeye anapandikiza, mkimbie. Tumaini lako ni la kweli, mwanangu, ila bado linanyonya.

Leo hii kakichukue. Mwoshee Salwa friza lake. Kisha piga magoti kwa mama mkwe umwambie, "Mama, nilikudanganya, nilitaka baba apone." Atafoka. Acha afoke, kuku walikuwa wake! Mchawi hafichi kitovu ili mkwe wake apone, na yeye atalijua hilo akishamaliza kufoka.

Mzee arudishwe kliniki. Dawa za kumpunguzia zipo, na azinywe kwa saa aliyopangiwa, siyo akikumbuka. Jogoo mwacheni, awe anamwamsha anywe dawa ya asubuhi.

Halafu mketisheni mzee mkekani, mgongo ukutani, mto mapajani, bibi akae ubavuni pake, umlaze Joel juu ya huo mto. Atasema atamwangusha. Muulizeni, aanguke aende wapi, na wote mko chini? Mkono ukianza kutetemeka, usikimbilie kumpokonya. Joel hajui Pakinsoni. Atajua babu anambembeleza.