Mwaridi Nilioukata Machi

Mwaitu, mama yangu,

Washirika wamekaa kwenye nyasi mbele ya nyumba ya wamishenari, ile ya mawe iliyojengwa enzi za Malkia Viktoria, nami nimesimama kwenye njia uliyoifagia miaka yote ya kuitunza bustani hii. Wamekuja kukukumbuka, mwaka mmoja tangu tukuzike. Ibada ikiisha, kamati ya kanisa itaamua kama bustani ibaki, au isawazishwe iwe mahali pa kuegesha magari. Wanauliza: ikiwa mwaridi wa kale umekufa, kimebaki nini cha kulindwa? Wanaamini kwamba ukame ndio uliouua.

Mwaitu, wanaisikia sauti yangu imetulia. Hawajui nilichokuja kusema.

Ukame wanausingizia. Niliyeukata ni mimi.

Unakikumbuka kile kitabu cha Kiingereza kwenye rafu ya sebuleni? Kinaagiza miwaridi ikatwe Machi. Wewe uliikata Septemba, kungoja mvua ya Novemba. Nilipokuonyesha ukurasa ule, mimi niliyetoka chuoni na cheti cha kilimo, ulicheka: "Aliyeandika hicho alikuwa amevaa sweta."

Machi hii hukuwepo kunicheka. Niliukata hadi usawa wa goti. Machipukizi yakatoka, mekundu, mazuri; mvua ya Aprili ikatupita, yakaungua yote. Tangu hapo naumwagia maji ya kufulia kila asubuhi, kama ulivyofanya, na kila asubuhi naogopa kuutazama.

Ulinifundisha kukwangua gome kwa ukucha. "Kijani ni uhai, kahawia ni kuni." Nimeyakwangua matawi, moja baada ya jingine. Kuni. Limebaki lile la upande wa ukuta, na wiki mbili sasa nalipita nikiangalia kwingine. Maana nikikuta kuni na hapo... Mwaitu, hapo nitakuwa nimekuzika kwa mkono wangu.

Nimeyasema mbele yao, ili usiyasikie kwa mwingine.

Sasa pumzika. Nikikunja karatasi hii nitakwenda ukutani, wote wakiona. Likiwa kahawia, nitaiomba kamati ingoje mvua ya Novemba, kwa kuwa mizizi bado hatujaiuliza. Likiwa kijani, nakuahidi sitakata tena kitu chochote hapa bila kuitazama kwanza mbingu ya Kitui.

Naenda, Mwaitu.