Damu Hazipatani

Jumatano, Machi 1946

Joto la leo halisemeki. Upepo umekatika, na hapa chumbani kwangu Kuze hata pazia halitikisiki. Lakini si joto linaloninyima raha. Ni neno moja la hospitali, ambalo siku hizi lajulikana Mji wa Kale kuliko nijulikanavyo mimi.

Hazipatani.

Mke wangu, Zuhura, alijifungua mwezi uliopita. Mtoto, wa kike, alitoka salama, lakini mama yake akaanza kuvuja damu isiyokatika. Mkunga alijaribu kila alijualo, kisha akainua mikono. "Mpelekeni hospitali. Mimi nimefika mwisho wangu." Tukambeba na kitanda chake, mimi, ndugu yake Athmani na majirani.

Daktari alisema lazima aongezwe damu ya mtu mwingine. Nilikunja mkono wa kanzu kabla hajamaliza kusema.

Walinitoa tone kidoleni wakalijaribu na damu ya Zuhura juu ya kipande cha kioo. Wakamfanyia Athmani vivyo hivyo. Tukangoja barazani. Mama mkwe wangu alikuwa kwenye benchi, tasbihi mkononi. Mara dresa, yule msaidizi wa daktari, akatoa kichwa mlangoni na kutangaza kwa sauti iliyofika hadi langoni:

"Damu za mume na mke hazipatani! Za ndugu zapatana. Ndugu aingie!"

Athmani akaingia, na Zuhura akapona. Alhamdulillahi. Sitasahau wema wa shemeji yangu. Lakini pale barazani mama mkwe aliacha kuvuta tasbihi, akanitazama kama mtu aliyepata jawabu alilolitafuta miaka.

Nani wa hapa asiyejua tunavyolitumia neno hilo? Tukisema damu za fulani na fulani hazipatani, maana yake hawachukuani, hata kuketi jamvi moja ni taabu. Dresa alisema la kwake la hospitali. Mama mkwe akasikia la kwetu. Naye tangu mwanzo alitaka Zuhura aolewe na binamu yake, si na mimi karani wa bandarini Kilindini ambaye ukoo wake haujui vizuri.

Zuhura akapelekwa Kibokoni kwa mama yake kukaa arobaini, kama ada. Nilipokwenda kumtazama, niliambiwa amelala. Nikirudi, yuwaoga. Mtoto nikiletewa ukumbini, nampakata kidogo, kisha anachukuliwa. Mtaani nako neno limeshafika. Muuza kahawa alinipa pole kana kwamba nimefiwa.

Wiki iliyopita akaja mjomba wao mmoja. Akanywa chai yangu, akasifu chai, kisha akasema itakuwa vyema nitoe talaka kwa wema, maana hata hospitali imeshuhudia.

Hospitali imeshuhudia! Usiku ule nilitamani kuvunja kitu.

Jumatatu nilimwendea daktari. Ni Muhindi, mpole, mwenye macho ya kuchoka. Alinieleza kwamba damu za watu zina aina mbalimbali, na zisizochukuana zikichanganywa hugandana mwilini na kumwua mgonjwa. Basi. Hakuna zaidi. Haihusu tabia, wala nyota, wala ndoa.

"Mimi na mke wangu damu zetu hazipatani," akasema, "na nyumba yetu imejaa watoto."

Nikamsihi aje Kibokoni amwambie mama mkwe maneno hayo hayo. Akanionyesha wodi iliyojaa wagonjwa. Nikamshukuru, nikaondoka.

Basi leo baada ya alasiri nilikwenda mwenyewe. Mama mkwe alinikaribisha vizuri, akanipa sharubati, akauliza hali ya mama yangu. Nikamweleza yote kama nilivyoelezwa, taratibu, kwa adabu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Umesema vizuri, mwanangu," akajibu. "Lakini mimi nalisikia kwa masikio yangu. Damu yako imemkataa Zuhura. Sasa wewe wataka nifanye nini?"

Nikaanza tena. Aina za damu, kugandana, kile kipande cha kioo. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojiona mjinga. Jasho lilinitoka. Nilikaribia kupandisha sauti mbele ya mama mkwe, jambo ambalo nisingejisamehe.

Ndipo Zuhura alipozungumza nyuma ya pazia la chumba cha ndani. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya mtu ambaye bado hana nguvu.

"Mama, damu iliyopatana na yangu ni ya nani?"

"Ya ndugu yako, Athmani."

"Basi wataka niolewe na Athmani?"

"Astaghfirullahi! Zuhura!"

"Mimi nauliza tu, mama."

Mama mkwe akashika tasbihi, akaiweka chini, akaishika tena. Mwishowe akasema hospitali imemharibu mwanawe ulimi. Hakusema kwamba amekosea. Hakusema nimchukue mke wangu. Alisema tu kwamba arobaini yaisha kesho, naye hamfungi mtu kamba.

"Kesho alasiri," sauti ikasema nyuma ya pazia. "Uniletee buibui langu."

Nimerudi nyumbani na bado nina hasira. Nina hasira na yule dresa na sauti yake, na mjomba na chai yangu, na mtaa mzima. Na kwa nini mimi, niliyepewa maelezo yote na daktari, sikuweza kusema lile alilosema mgonjwa kitandani?

Buibui nimelitoa sandukuni, nimelifukiza udi. Kesho alasiri nitakuwa mlangoni Kibokoni. Wakikawia kufungua, nitapiga hodi mpaka majirani watoke nje.