Mikono ya Mama Mdogo

Ntobeye, Jumamosi

Leo nimelitamka neno "matiti" mara nyingi kuliko maisha yangu yote, na sijafa.

Mwezi ujao mama mdogo anakwenda Mwanza kufanyiwa operesheni ya kuinua matiti. Amenyonyesha watoto watano, anasema sasa ni zamu yake. Maelekezo ya daktari ni ya Kiingereza, basi nimemsomea jikoni kwa Kiswahili huku nikiitazama sufuria ya maharage badala ya uso wake. Matiti yatapanda ila hayataongezeka. Makovu yatafifia, lakini yatabaki. Yote akaitikia tu.

Nikafika kwenye agizo la kutoinua mikono juu ya kichwa kwa wiki kadhaa. Akaacha kumenya ndizi.

"Na harusi ya wifi yangu?"

Hapo ndipo penye kazi. Yeye ndiye anayeongoza ngoma ya kina mama, ile ya kunyoosha mikono juu kama pembe za ng'ombe. Nikaogopa ataahirisha operesheni tena, kama mwaka jana.

"Utaongoza wewe," akasema.

"Mimi? Mama mdogo, hata kwenye kwaya nasimama nyuma!"

"Umenisomea habari za chuchu zangu mchana kweupe, mwanangu. Mikono ndiyo ikutie aibu?"

Tulicheka hadi maharage yakaungua.

Bado naiogopa ile dawa ya usingizi. Asije aka... hapana, siandiki hilo.

Nimejaribu mbele ya kioo. Pembe zangu ni za ndama, ila sikuzishusha mpaka mabega yakauma.